Jumapili Waliyoihamishia Bagara

Jumamosi, 1 Machi
Nimechambua maharage na mchele tangu asubuhi. Kesho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, ukoo wa mume wangu unakuja kula hapa Maisaka. Miaka kumi na tisa sasa, tangu niolewe. Mume wangu, Baba Neema, ndiye aliyeanzisha, watoto wa ndugu zake wajuane. Januari tulimzika. Februari hatukukutana, msiba bado mbichi. Nimeazima sufuria kubwa kwa jirani.

Jumapili, 2 Machi
Saa saba, hakuna mtu. Saa nane, hakuna. Nikampigia shemeji, Baba Joshua. Hapokei. Saa tisa binti yangu Neema akanionyesha picha kwenye simu, binamu yake kaziweka. Wote wako Bagara, kwa Baba Joshua. Hadi mama mkwe. Wanacheka.
Chakula nimewagawia majirani. Nimewaambia kwamba wageni wamepata dharura. Nimedanganya. Aibu.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda Bagara. Baba Joshua alinipokea vizuri, na chai akaleta. "Shemeji, tulitaka upumzike. Umetuhudumia sana." Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akatazama chini. "Tulidhani utarudi kwenu."
Kwetu wapi? Nimezaa hapa, nimezika hapa. Chai sikuimaliza. Nina hasira. Chini ya hasira ni kama nimefiwa mara ya pili.

Alhamisi, 13 Machi
Neema anasema tusikanyage tena kule. Nimemkemea. Wale ni damu yake. Asiye damu ni mimi.

Jumapili, 6 Aprili
Tumekwenda Bagara, bila kualikwa. Neema kanuna njia nzima. Nilipoinuka kwenda jikoni, mke wa Baba Joshua akanishika mkono, kwa upole kabisa. "Kaa dada, leo wewe mgeni." Nikakaa. Afadhali angenitukana.
Mama mkwe haoni vizuri siku hizi. Akanipapasa begani, akauliza ni nani.
"Mama Neema, mama. Shikamoo."
"Marahaba. Mwezi uliopita ulikuwa wapi? Waliniambia unaumwa."
Baba Joshua akatoka nje. Ningeweza kusema. Nikasema nimepona.
Nikamchambulia nyama, akala taratibu, mkono wake mmoja juu ya goti langu. Mara nikasikia kicheko cha Neema. Yuko uani na binamu zake, miguu imejaa vumbi. Saa kumi na moja ilifika, muda wa kuondoka. Sikumwita. Nilisubiri hadi alipochoka mwenyewe.