Jiwe la Mwisho wa Foleni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na umfikishie Bibi shikamoo yangu. Barua hii usiisome peke yako. Wasomee akina mama wa huko Mbulu wanaokuuliza maombi yetu ya Babati yalianzaje, maana ukiwasimulia wewe utajificha, utasema kazi ilifanywa na watu wengine.

Mimi nakumbuka. Yalianza jikoni kwako, hapa Maisaka, wewe Mlutheri na jirani yako Mama Paskali Mkatoliki, mkimwombea mtoto wake aliyekuwa na homa. Mlianza kwa kubishana. Yeye alitaka rozari, wewe ulitaka kuomba kwa maneno yako. Mwishowe mkashikana mikono, kila mmoja akaomba kwa namna yake. Mtoto alipona, na wiki iliyofuata jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Ndipo mkaweka ule utaratibu wetu: tunashikana mikono kwa duara, na asiyetaka kuomba kwa sauti anamminya kiganja aliye kulia kwake, zamu inahamia kwa huyo. Kulia kwangu ulisimama wewe siku zote. Miaka mitatu nimekuminya kiganja, na hata mara moja hukunisema.

Kisha vitu vikaadimika. Siku lori lilipoleta sukari au sabuni kwenye duka la ushirika, jiko lako lilibaki tupu, watu wote wako foleni. Mama Paskali akasema kazi imekufa. Wewe ulijifunga ile kanga yenye kiraka ukasema, "Kama watu wako foleni, na sisi twende foleni."

Siku ile ya kwanza nilisimama mbali kidogo, nikajifanya siwajui. Baba Joeli, yule fundi seremala, alipaza sauti: "Hao wanaomba ili wapite mbele!" Watu wakacheka. Uliinama, ukaokota jiwe bapa uliloliweka tangu alfajiri kushikia nafasi yako karibu na mlango, ukalibeba mpaka mwisho kabisa wa foleni. Tangu hapo ikawa sheria: wanaoomba husimama mwisho, na akija mtu mwingine anatangulia, jiwe linarudi nyuma. Kutoka huko nyuma ukawaombea waliokuwa mbele yetu mmoja mmoja, kwa majina, kuanzia aliye mlangoni.

Mara ngapi tulirudi mikono mitupu tukafua kwa majani ya mpapai! Lakini waliosikia majina yao yakitajwa hawakusahau. Akina mama wa Mutuka walikwenda wakaanza kuomba kwenye mashine ya kusaga. Wa Bonga wakaanza kisimani.

Halafu ukaondoka kwenda kumuuguza Bibi. Ukiwa umeshapanda lori uliniambia, "Jiwe nakuachia wewe." Nilidhani unatania. Mimi, niliyemaliza darasa la saba na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba sauti yangu bado hajaisikia?

Sasa sikia. Alhamisi ya wiki iliyopita ililetwa sabuni, mara ya kwanza tangu uondoke. Niliweka jiwe mwisho, tukakusanyika watu tisa. Mama Paskali akauliza nani ataanza. Kila mtu akamtazama mwenzake. Baba Joeli akageuka.

"Leo vipi huko nyuma? Redio imeishiwa betri?"

Foleni nzima ikacheka, maana betri nazo hazipatikani. Mama mmoja wa kwetu akaninong'oneza, "Mwanangu, Shangazi yako hayupo. Tukatafute nafasi huko mbele kabla sabuni haijaisha." Mwenzake alikuwa ameshaanza kukunja mfuko wake. Nilijua wakiondoka hao wawili wataondoka wote, na kazi yako itaishia pale pale vumbini.

"Tuombe kwanza," Mama Paskali akasema.

Tukashikana mikono. Kulia kwangu sasa alikuwa yeye, nikamminya kama nilivyozoea. Nikangoja asikike. Hakusikika. Naye aliminya, na aliyefuata akaminya, mpaka kiganja changu cha kushoto kikaminywa. Zamu ilikuwa imezunguka duara zima na kunirudia.

Shangazi, hapakuwa tena na kiganja cha kuminya. Nikafungua mdomo.

"Mungu, mlangoni yuko Mama Hawa. Mguu wake unamuuma tangu mvua zianze."

Sauti ilitoka nyembamba. Nikamtaja anayemfuata, ambaye mwanawe yuko jeshini na haandiki barua. Nikamtaja na wa nyuma yake. Nikashangaa kwamba nawajua wote. Miaka yote niliyonyamaza nilikuwa nakusikiliza. Kutoka mlangoni Mama Hawa, Mwislamu wa watu, akaitikia "Amina!" mpaka muuza duka akachungulia. Sauti yangu ikapanda.

"Na mimi umeniruka?" Baba Joeli akauliza.

"Sijafika kwako, Baba Joeli. Ndiyo kwanza niko kwenye nguzo ya baraza ya duka."

Watu wakaangua kicheko, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Nilipomfikia, nikamtaja pamoja na mke wake aliyelazwa hospitali. Alivua kofia, akainamisha kichwa.

Sabuni iliisha kabla hatujafika. Tulirudi Maisaka tunaimba, Mama Paskali akitushinda wote kwa sauti, na nyimbo za Kilutheri wala hazijui.

Jana ikaja sukari. Nilichelewa kwa sababu ya kukamua ng'ombe, na jiwe ninaloliacha kando ya ukuta wa duka halikuwepo. Nikafuata foleni mpaka mwisho. Jiwe lilikuwa huko, na kando yake Baba Joeli. Mama Hawa alikuwa amekaa juu ya ndoo, anasema amechoka kuombewa kwa mbali. Pamoja nao niliona sura ambazo hazijawahi kuingia kwenye duara letu.

"Binti, umechelewa," Baba Joeli akasema. "Nimelisogeza mara nne. Kila anayekuja namwambia apite mbele, sisi waombaji tuko nyuma."

Alisema "sisi", Shangazi.

Nikawapa mikono, nikaanza bila kumminya mtu.

Muuguze Bibi mpaka apone, usiharakishe kwa ajili yetu. Siku utakaporudi, ukishuka tu kwenye lori pita moja kwa moja mpaka mwisho wa foleni. Tutakuwa pale, na utatusikia kabla hujatuona.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
yule uliyemwachia jiwe.