Taa Nyekundu ya Pijo Yako

Kabalagala,
Kampala.
17 Septemba 2024

Mpendwa Baba Mdogo Makokha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mume wangu Oduor na kwa mjukuu wako Teresa. Sisi ni wazima, tunakula na kulala vizuri, ila Teresa ana kikohozi kidogo kwa sababu ya mvua hizi. Hali yako je? Na goti la Mama Mdogo Benedicte limepoa? Mahindi mlimaliza kuvuna, au mengine bado yako shambani? Nijibu yote, hasa lile la goti, maana nikimuuliza mwenyewe husema halimuumi.

Ningepiga simu, lakini najua tangu masikio yaanze kukusumbua huipendi, na mambo ya wiki iliyopita si ya kupigiana kelele. Kaa vizuri usome polepole. Nakuambia mapema kwamba yameisha vizuri, usije ukaanza kutafuta viatu vya safari.

Nianze na kazi. Cherehani ya pili nimeipata, na duka langu la Mengo halikosi wateja. Mwenye jengo ni Mama Mahfudha, yule ambaye babu zake walitoka pwani na biashara zao wakabaki huku. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake Jannat, na gauni la bibi harusi nililishona mimi. Siku moja alipokuja kulitazama aliiona Pijo yako, gari ulilotuachia tuendeshe, imeegeshwa nje, inang'aa kwa weupe, akaniuliza, "Mwanangu, Jannat akitoka kwenda kwa mumewe, hawezi kupanda hilo?" Sikumwacha amalize. Nilikubali pale pale.

Sasa sikiliza. Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, nilikwenda na Teresa hadi Nateete kuchukua utepe wa kupambia gari. Tulipokaribia soko gurudumu liliingia shimoni, na mara Teresa akasema, "Mama, kibirika kimewaka!" Ndivyo anavyoiita ile taa nyekundu ya presha ya oili, yenye picha ya kitu kinachodondosha tone. Ulinifundisha nikiwa na miaka kumi na tisa kwamba taa nyingine zinaweza kungoja hadi nyumbani, lakini hiyo haingoji hata kona inayofuata. Nikasogea pembeni na kuzima injini. Nyuma yangu honi zililia, na mtu wa bodaboda akanipigia kelele niondoe sanduku langu barabarani. Sikuondoa.

Nilingoja kidogo, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa, nikapima tena. Oili ilikuwa imefika alama ya juu, na chini ya gari hapakuwa na tone. Nikampigia Oduor. Unamjua mkweo. "Taa ni taa tu," akasema. "Washa uje." Nikamwambia siwashi. "Basi lala hapo na Pijo yako!" Lakini baada ya nusu saa nilimwona anakuja, amebeba maji ya kunywa na chapati za Teresa.

Alimleta fundi mmoja wa karibu na soko. Yule aliwasha injini kwa sekunde chache, akaona taa haizimiki, akafunga boneti taratibu kama mtu anayefunika maiti. "Pole, nyabo," akaniambia, kama wanavyomwita mama huku. "Pampu ya oili imekufa, na beringi zimekwisha. Hii ni ya kufungua injini yote." Hakupima chochote. Lakini alisema kwa uhakika mwingi, na mimi nilikuwa nimechoka. Tukavutwa kwa kamba kutoka Nateete hadi Mengo, mimi nikiwa kwenye usukani nimeinamisha uso.

Hapa ndipo pagumu kuandika. Kuna mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimsumbua Oduor amuuzie Pijo. Hununua magari ya zamani, akayakata na kuuza vipuri. Jioni ile Oduor aliniambia kwa upole, "Nelima, tunalipenda hili gari, lakini limezeeka. Tumwachie yule." Niliendelea kukoroga uji. Kisha nikasema sawa, aje Jumapili. Ni mimi niliyesema, Baba Mdogo, kwa kinywa changu, wala sikukuuliza. Teresa aliposikia hakulia. Aliuliza tu kama nimekuambia wewe.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Mama Mahfudha kumwomba atafute gari lingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja: "Nani amepima?" Nikasema hakuna aliyepima. Akachukua simu akamwita Lamwaka.

Huyo Lamwaka ungempenda. Ni mama wa Gulu, anavaa ovaroli ya bluu na hereni za dhahabu, na ndiye anayetengeneza pikapu ya duka la Mama Mahfudha. Ufundi aliupata kwenye karakana ya jeshi, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Oduor alipoanza kumweleza habari za beringi, alimnyamazisha kwa kiganja.

"Hapana fungua injini," akasema. "Kwanza tupime."

Alichomoa waya wa swichi ya oili ubavuni mwa injini, akaifungua swichi yenyewe, na mahali pake akafunga geji ya kupimia presha yenye mpira mrefu. Akaniambia niwashe. Niliushika ufunguo nikisita, kwa sababu kama yule fundi wa Nateete alisema kweli, kila mzunguko ulikuwa unaisaga injini yako. Mshale ukaruka hadi nne! Tukaiacha ingurume robo saa nzima ipate moto. Watu wa maduka ya jirani walikuwa wametuzunguka, na Mama Mahfudha alisimama kando na tasbihi yake. Injini ilipopata moto, mshale ulishuka hadi kati ya moja na mbili ukatulia. Nikikanyaga mafuta, unapanda tena. Nimekuandikia namba hizi kwa sababu najua ungeniuliza.

Lamwaka alitega sikio, akacheka. "Mama, we sikia. Hii iko na sauti ya mgonjwa? Presha iko mzuri. Taa ndio iko na uongo."

Kisha akanionyesha nilichokuwa sijakiona. Waya wa swichi ulikuwa unaning'inia hewani, haujafungwa popote, na bado kibirika kilikuwa kinawaka. Akanieleza kwamba presha ikikosekana, swichi huugusisha waya huo na chuma cha injini, na hapo taa huwaka. Sasa swichi iko mkononi mwake, kwa hiyo waya wenyewe unagusa chuma mahali fulani. Akaufuata kwa vidole, polepole, hadi kwenye betri. Kile chuma kinachoshikilia betri kilikuwa kimeubana, plastiki imechubuka hadi shaba inaonekana. Lile shimo la Nateete lilimalizia tu kazi.

"Nani alifunga hii chuma?" akauliza.

Oduor alikuwa anatazama viatu vyake. Wiki tatu kabla ndiye aliyeweka betri mpya, akanikataza kuita fundi kwa sababu, alisema, ni kazi ya nati mbili. Baba Mdogo, nilicheka hadi nikajishika mbavu. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Watu wote wakacheka, na mwisho naye akashindwa kujizuia. Lamwaka aliufunga waya kwa utepe mweusi, akaupitisha mbali na betri, akarudisha swichi. Nilipozungusha ufunguo kibirika kiliwaka, na injini ilipokubali kikazimika. Mama Mahfudha akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo nadhani ilifika Lubiri kwenye ikulu ya Kabaka.

Harusi ilipendeza. Oduor aliosha gari mwenyewe kabla ya chai, akasugua hadi vifuniko vya magurudumu, na ndiye aliyemwendesha Jannat. Bwana harusi, kijana anayeitwa Zaid, alitoka kumpokea mkewe, lakini alizunguka gari kwanza, akainama kuchungulia dashibodi, mpaka Jannat akagonga kioo kutoka ndani. Gauni nalo lilikaa sawasawa. Mishono haikufumuka hata mmoja.

Katika shamrashamra zote hizo nilisahau ahadi ya Jumapili. Tulipokuwa tunajiandaa kwenda kanisani, yule mnunuzi alibisha hodi, amekuja na dereva wake kabisa. Nilikuwa nafunga kitambaa kichwani, nikakiacha nusu na kukimbilia mlango, kwa kuwa neno nilikuwa nimelitoa mimi. Kabla sijafika mlangoni Oduor alikuwa ameshatoka. Nikamsikia kutoka ndani.

"Ndugu yangu, nisamehe kwa kukusumbua. Hatuuzi. Tulikuita bila kumuuliza mwenyewe."

"Kwani mwenyewe si wewe?"

"Mwenyewe yuko Kenya, kule Chwele. Sisi tunaendesha tu."

Akafunga geti, akafungua boneti, akapima oili akiwa na suti yake ya kanisani. Tulichelewa ibada.

Nisamehe, Baba Mdogo. Nilikubali kwa uchovu, na gari lingeuzwa kabla sijakuandikia. Ukitaka kunikemea nikemee kwa barua ndefu, nitaisoma yote.

Nisalimie Mama Mdogo Benedicte na umwambie apumzishe hilo goti. Salamu kwa shangazi Nasimiyu, kwa binamu Situma na watoto wake, na kwa majirani wote wanaoniulizia. Mungu awape siku nyingi za afya, na nyumba yenu isikose vicheko.

Mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Nelima