Kiganja Kilichoficha Jino

Gatina, Kawangware. Alhamisi, majira ya masika, 1974.

Mvua imeshuka tangu asubuhi, laini kama unga unaochekechwa, na mabati yananong'ona. Nimeketi mlangoni na Biblia magotini, sijaifungua. Tangu nirudi kutoka hospitalini najiona kama mtu atembeaye chini ya maji: nasikia na kuona, lakini kila kitu ki mbali.

Homa ya mke wangu, Mama Mueni, ilianza wakati wa vumbi. Ilikuja jioni, ikaondoka alfajiri na kuacha shuka limelowa jasho. Tulisema ni malaria. Alimeza vidonge, ikapungua, ikarudi. Kanisani tulifunga na kuomba. Akakonda, hata kubeba ndoo kutoka bombani kukamkata pumzi. Jino lilikuwa limemuuma kabla ya hayo yote, naye akaliwekea karafuu, akanyamaza.

Nani angeuliza habari za jino?

Kicheko cha mke wangu nimekijua kama kiganja. Alipokuwa msichana kule Kitui alichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, kwa maana huo ndio uliokuwa urembo wa Wakamba. Kisha tukabatizwa, tukafundishwa kwamba urembo ule ni wa gizani. Tangu siku hiyo hucheka mkono ukiwa mdomoni, na huimba ameinamisha uso.

Hata wodini alijifunika mdomo kwa leso.

Leo daktari, kijana mpole, alizitazama kucha zake, akaona vistari vyeusi kama vibanzi vya kuni. Akausikiliza moyo kwa muda mrefu. Akauliza kama utotoni aliwahi kuvimba viungo na kushikwa na homa. Aliwahi, mama yake alidhani hataamka.

"Sasa mama, fungua mdomo."

Akatikisa kichwa. Daktari akaomba tena. Nami nikaomba. Leso haikusogea.

Ndipo Mama Atieno, mwenzake wa kwaya auzaye mboga Kibera, aliyekuja kumjulia hali, akainuka kwenye benchi. "Wacha aibu, Mama Mueni. Daktari hajakuja kukuoa." Akapanua mdomo wake mwenyewe mbele ya wodi nzima. "Ona mimi! Meno ya chini yaling'olewa nikiwa msichana, ndiyo desturi ya Wajaluo, na mahindi choma bado namaliza. Wewe unayaficha yako kama yatauma mtu?"

Wagonjwa wakacheka. Leso ikashuka.

Jino moja lililochongwa lilikuwa na ufa, limeoza mpaka kwenye mzizi, na ufizi wake ulikuwa na usaha. Daktari alinieleza taratibu. Vijidudu vya kinywani huingia katika damu kupitia ufizi mbovu. Katika moyo wenye afya hupita bila madhara; lakini ile homa ya utotoni iliacha kovu kwenye kilango kimoja cha moyo wake, navyo vikapata pa kushika, vikajenga, vikaanza kula. Damu imechukuliwa ikapimwe. Penisilini imeanza, na itadungwa kwa majuma mengi. Jino litang'olewa dawa ikiwa imetangulia. Hakunificha: kilango kikiharibika zaidi, huenda nisirudi naye nyumbani.

Nimehubiri miaka mingi juu ya yale yatokayo moyoni yakafika kinywani. Sikujua kwamba iko njia ya kurudi.

Nilipoaga, aliniita. "Baba Mueni, umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Ehe?"

Akangoja. Dirishani mvua ilikuwa ikiteremka bila sauti, na kwa kitambo niliona njia nyekundu ya Kitui na msichana aliyekuwa akinijia huku akicheka, uso wote wazi.

"Niliyapenda," nikasema, "kabla hatujafundishwa kuyaonea haya."

Akacheka kidogo, kwa pumzi aliyonayo. Mkono ukainuka, ukafika nusu ya njia, ukarudi kutulia juu ya blanketi.

Sasa jioni inaingia, saa ambayo homa yake huja. Sijui kama imekuja. Nimeomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Kukipambazuka nitakoroga uji wa wimbi na kumpelekea, nami sitaketi tena ubavuni pa kitanda. Nitaketi mbele yake, mahali ninapoweza kuuona uso wake.