Muuguzi Niliyemwandika Mara Mbili

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Nyololo hatujambo, baridi tu ndiyo inatusumbua. Umeuliza kama walimu na wazazi kwenye mfumo wa kompyuta unaoiundia shule wawe na majedwali tofauti.

Nilipokuwa karani wa zahanati, nilikuwa na daftari la watumishi na jingine la wagonjwa. Siku moja muuguzi wetu akaugua. Nikamwandika upya kwenye daftari la wagonjwa, kumbe dawa inayomdhuru ilikuwa imeandikwa kwenye lile la watumishi. Akachomwa sindano ya dawa hiyohiyo, akazimia. Alipozinduka akaniambia, "Karani, mimi ni mtu mmoja. Mbona umeniandika wawili?"

Toka hapo kila mtu nilimwandika mara moja tu, kwenye daftari moja la watu wote, nikampa namba. Kazi yake na ugonjwa wake vikakaa kwenye madaftari mengine, kwa namba yake ileile. Mwalimu naye si anaweza kuwa mzazi?

Muuguzi huyo ndiye bibi yako. Mpaka leo ananiita Karani.

Babu yako