Nilivyomvua Koti Mwalimu Mbele ya Wanafunzi Wake

Jumamosi jioni, Ifakara.

Joto la leo halina huruma. Mvua hazijafika bondeni, ardhi ya mashamba ya mpunga imepasukapasuka, na moshi wa watu wanaochoma mabua umetanda tangu asubuhi. Nimejifungia chumbani kwangu, nyumbani kwa mama, niandike jambo ambalo nimelikwepa kwa wiki tatu.

Wengi mnaosoma hapa mnanijua kama Kapteni Tausi. Jina langu ni Devota. Kwa misimu minne niliongoza chombo cha angani kwenye tamthilia ya Anga la Tisa, nikiwahamisha watu kutoka dunia iliyokauka kwenda sayari nyingine. Mwisho wa msimu wa nne nikafa. Kwenye mahojiano nilisema niliomba kutoka mwenyewe ili nikue kisanaa. Nilidanganya. Niliamini tamthilia haiwezi kwenda bila mimi, nikawatishia kwamba nitaondoka, nao wakaniambia safari njema. Akaletwa kapteni mwingine, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, na watazamaji wakaongezeka.

Nimerudi Ifakara mwaka wa pili sasa. Nalima mpunga na kaka yangu. Nikialikwa kufungua duka la vipodozi au kukabidhi kombe la mpira, naenda.

Tatizo langu ni mashabiki. Sokoni mama mmoja alinishika shavu kwa vidole vyenye harufu ya perege, akamwambia mwenzake, "Kumbe ana makovu." Madereva wa bodaboda huniita Kapteni, halafu nikishapita wananicheka kwamba nimenenepa. Siku tuliyomzika baba, mwanamume nisiyemjua aliniomba tupige picha. Nilikuwa nimechoka kulia, nikakubali. Kesho yake niliiona mtandaoni. Yeye anatabasamu, mimi macho yamevimba, na nyuma yetu jeneza la baba yangu linaonekana.

Tangu siku hiyo nikawachukia wote. Sikubagua.

Ndiyo hali niliyokwenda nayo Kiberege, kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne. Aliyenialika ni mwalimu wa Fizikia. Nitamwita Mwalimu Gaudensi, ingawa silo jina lake. Shule siwezi kuificha kwa waliokwisha kuiona video, lakini jina lake nisilirudie na mimi.

Alikuwa ameniandikia barua kwa mkono, kurasa mbili, mwandiko mzuri wa ubaoni. Sikuimaliza.

Nilifika nimechelewa saa nzima. Wanafunzi walikuwa wameketi juani, majivu ya miwa inayochomwa upande wa Kidatu yakiwadondokea mashati meupe. Mwalimu alinipokea getini. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na alikuwa amevaa koti la Kapteni Tausi. Alilishonesha kwa fundi wa Kisawasawa, la bluu, na kola ya rangi ya fedha aliyoitengeneza kwa karatasi za ndani za pakiti za maziwa ya unga. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. Yeye ni mkubwa kwangu, lakini sikumwamkia. Nilimpa mkono kwa ncha za vidole nikapita.

Zamu yake ilipofika, akasimama mbele ya kipaza sauti. Alisema mke wake alifariki karibu miaka minne iliyopita, na mwaka ule alikwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Jioni moja, kwa jirani, akaona sehemu ya Anga la Tisa ambapo mafuta ya chombo yanakaribia kwisha, na wasaidizi wa Kapteni wanamtaka awaache baadhi ya abiria. Kapteni anawajibu, "Hesabuni watu kwanza, mafuta baadaye." Mwalimu akasema alirudi nyumbani akahesabu wanafunzi wake wa kidato cha kwanza. Walikuwa tisini na wawili. Akaichana ile barua.

"Leo sitini na nane kati yao wanahitimu," alisema. "Namwomba Kapteni awaambie yale maneno kwa kinywa chake."

Wote wakanigeukia. Nilichotakiwa kufanya ni kusema maneno matano.

Nikachukua kipaza sauti. Nilikuwa namtazama yeye, lakini nilimwona yule mtu wa msibani.

"Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na wewe ndiye unawafundisha hawa sayansi?"

"Ndiyo."

"Unajua kwamba kile chombo kilikuwa mbao na rangi ya kupuliza?"

Wanafunzi wakaanza kucheka. Naijua sauti ya watu waliokwisha kuwa upande wangu, na nilikuwa sijaisikia muda mrefu. Ningeweza kuishia hapo.

"Mke wako alikufa kweli," nikasema. "Mimi nilikufa kwa rangi nyekundu, halafu nikaenda kula chipsi. Usitufananishe. Na hilo koti livue, mtu mzima, utaanguka kwa joto."

Alilivua. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Hakubisha. Alifungua vifungo kimoja kimoja, na ndani alikuwa na fulana iliyotoboka kwapani, kwa sababu hakutegemea kulivua mbele za watu. Akalikunja vizuri, akaliweka mapajani, akasema, "Asante, mgeni rasmi." Wanafunzi walicheka mpaka mkuu wa shule akasimama.

Mtu alirekodi. Kabla sijafika nyumbani, video ilikuwa imefika kwenye simu ya kaka yangu.

Sasa niseme lile nisilotaka kusema.

Nilifurahi.

Watu waliandika kwamba dada amemchana mzee, dada hana unafiki, tulikumisi. Nilipata wafuasi kuliko niliopata mwaka mzima. Niliisambaza video mwenyewe kwenye ukurasa wangu, nikaweka na vikaragosi vya kucheka. Redio moja ya Morogoro ikanipigia, nikasimulia upya, nikaigiza hata sauti yake anavyosema "asante, mgeni rasmi". Mtangazaji alicheka hadi akakohoa.

Mama yangu hana simu ya kisasa. Alionyeshwa video kanisani, baada ya misa. Akarudi, akaketi kwenye kigoda chake akichambua mchele, na bila kuinua uso akaniuliza, "Yule baba alikukosea nini?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mashabiki, sokoni, na picha ya msibani.

"Huyo alikuwa yeye?"

"Hapana, mama."

"Basi," akasema, akaendelea na mchele wake. Hajaligusia tena. Afadhali angenitukana.

Jana mkuu wa shule alinipigia. Hakuwa na hasira, alikuwa mtu aliyechoka. Alisema Mwalimu Gaudensi hafundishi tena. Kila akigeukia ubao, sauti kutoka nyuma inasema, "Livue." Akigeuka, wote wanaandika. Ameomba uhamisho, na amepata nafasi Uchindile. "Amechagua kule mwenyewe," aliniambia. "Anasema mtandao ni wa shida, huenda hawajamwona."

Leo asubuhi niliazima gari la kaka, nikaenda Kiberege.

Anaishi kwenye nyumba ya walimu, vyumba viwili. Nilimkuta anafunga vitabu kwa kamba ya katani. Safari hii nilimwamkia. "Shikamoo, Mwalimu." Akaitika marahaba, akanipa kiti pekee kilichobaki, akaniletea maji kwenye kikombe. Yeye akakaa juu ya boksi. Sikuliona koti popote, na sikuthubutu kuuliza.

Niliomba msamaha. Niliongea muda mrefu, nikalia kidogo, na aibu yangu ni kwamba sijui kilio kile kilikuwa cha nani, changu au cha mwigizaji. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. "Ondoa shaka."

Nilipaswa kuondoka hapo. Lakini mkoba wangu ulikuwa na simu, na njia nzima kutoka Ifakara nilikuwa nimepanga maneno.

"Mwalimu, naomba turekodi kidogo. Tukiwa pamoja, tunapeana mikono. Watu waone yameisha. Itakusaidia na wewe."

Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona mimi, siyo Tausi.

"Hapana, mama," alisema taratibu. Halafu akaniuliza, "Yale maneno ya kuhesabu watu. Wewe ndiye uliyeyatunga?"

"Hapana. Yalikuwa kwenye skripti."

"Aliandika nani?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona kichwani, dada mfupi mwenye miwani, alikuwa anakaa pembeni ya mwongozaji na daftari lake. Tulimwita Skripti. Njoo, Skripti. Badilisha hapa, Skripti. Misimu mitatu.

"Sikumbuki jina lake," nikasema.

Mwalimu akatikisa kichwa, kama anavyofanya mwalimu anapopata jibu baya kutoka kwa mtoto ambaye hakutegemea angekosa.

"Kumbe miaka yote nimekuwa nikimshukuru mtu mwingine," alisema. "Samahani, nilikusumbua bure." Akainuka, akashika kamba, akaendelea kufunga vitabu. Hakunifukuza. Nilikaa nikanywa maji yote, kwa sababu sikujua jinsi ya kuondoka, kisha nikaaga mgongo wake.

Nimerudi hapa saa nane mchana, nikampigia mwenzangu wa zamani, yule aliyecheza fundi mitambo wa chombo. Nikamuuliza jina la Skripti. Alicheka, hakuamini kwamba ninauliza.

"Wewe Devota. Si ndiye uliyemfukuzisha?"

Nilikuwa nimesahau. Nisadikini au msinisadiki. Msimu wa tatu yule dada alinisahihisha mbele ya wapiga picha, kwamba napaza sauti mahali ambapo Kapteni anapaswa kunong'ona. Nikamwambia mwongozaji achague kati yetu. Kesho yake hakuja, na mimi sikuuliza. Mwenzangu anasema sasa hivi anaandika matangazo ya sabuni, na hajawahi kuandika tamthilia nyingine.

Jina lake ni Perpetua.

Nimeifuta ile video kwenye ukurasa wangu. Haisaidii kitu, iko kwenye kurasa za wengine elfu, na kuna aliyeiwekea muziki. Wafuasi wangu wananiuliza kwa nini nimefuta. Mmoja ameandika, "Kapteni usilegee, tuletee mzee mwingine." Hawa ndio walionibakia. Nimewachagua mwenyewe, mmoja mmoja.

Muda mfupi uliopita nilimwandikia Mwalimu ujumbe. Kwanza niliandika maelezo marefu, jinsi nilivyotafuta, jinsi ninavyojisikia. Nikafuta. Nikaandika kwamba labda siku moja nitamleta Perpetua Uchindile, wakutane. Nikafuta, maana nilijiona tayari nimesimama katikati yao kwenye picha.

Nikatuma jina tu, na namba ya simu ya huyo dada, baada ya kumwomba ruhusa kupitia mwenzangu. Mwenzangu alisema amekubali, kwa sharti moja. Mimi nisimpigie.

Alama mbili za bluu zimetokea. Mwalimu amesoma. Hajajibu, na sitamwandikia tena.