Penina Anasoma

Jumanne, 6 Agosti 2024

Nimerudi kazini. Mama tumemzika Jumamosi, kule Endabash. Miaka sita nimemgeuza kitandani, nimemlisha uji kwa kijiko, halafu siku ya kaburi hata chozi! Shangazi Antonia alinitazama weee, akamnong'oneza mwenzake kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Labda.

Maktaba baridi. Vumbi jekundu limeingia hadi rafu ya kamusi. Bwana Vedasto, mkuu wangu, kanipa pole. Asante. Mzee wa magazeti kanipa pole. Asante. Nimegonga mihuri. Nimerudi nyumbani. Nimelala.

Jumamosi, 10 Agosti

Kipindi cha vijana, saa nne hadi saa sita. Wanafunzi wa sekondari za hapa mjini, yeyote anayetaka. Wamekuja kumi na wanne. Nakala za riwaya tunayosoma ni sita tu, wanachangia.

Penina kasoma wa mwisho, kama kawaida. Yuko kidato cha pili, kwao Buger, hapa mjini anakaa kwa shangazi yake. Huyu akisoma, hata wale wa simu wanaacha simu. Maneno ya mzee anayatoa kizee, ya mtoto anayatoa kitoto. Mimi nilisimama nyuma yake tu, sina hamu na lolote.

Halafu nikaona. Nakala aliyoshika ni ile mbovu. Karatasi yenye ukurasa wa 41 na 42 haipo — ilichanwa mwaka jana, na ni mimi niliyebandika gundi pale. Penina kafika mwisho wa 40, kaendelea kusoma 41. Neno kwa neno. Ukurasa ambao haupo!

Wenzake wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeikagua ile nakala asubuhi. Kweli haupo.

Bwana Vedasto kaja na habari yake. Mashindano ya kusoma kwa sauti, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba, ukumbini hapa mjini. Kila klabu ya vijana kama yetu, msomaji mmoja. Kifungu hakuna anayekiona kabla, msomaji anakabidhiwa jukwaani. Keshapeleka jina la Penina. Kasema huyo ndiye atakayetutoa kimasomaso.

Hapo ndipo nilipaswa kusema kitu. Nikasema sawa.

Jumatano, 14 Agosti

Nilimwita Penina baada ya shule. Kaja na rafiki yake Naisula. Huyu kwao ni juu, Ngorongoro, anakaa na dada yake kwenye chumba cha kupanga. Mkimya. Kwenye kipindi hukaa nyuma na hajawahi kunyoosha mkono.

Nikampa Penina gazeti. Nisomee hapa.

Akalitazama muda mrefu. Akasema macho yanauma.

"Soma kichwa cha habari tu."

Naisula ndiye aliyepasuka. "Madam, ni mimi. Kila Ijumaa namsomea sura nzima mara mbili, anaishika. Hata notisi za shule ni hivyohivyo, toka form one."

Penina hakulia. "Herufi nazijua, Madam," kasema. "Nikiziunganisha zinakimbia."

Nikamuuliza darasa la saba alifauluje. Alisiliba tu vijiduara vya majibu, kasema, Mungu akamwona.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko karibu. Ule si wa kusiliba tu, kuna kuandika. Na baba yake keshasema: akifeli, hakuna kurudia, atarudi Buger jembeni. Wote wawili wakaniomba nisimwambie mtu.

Nikasema sawa, simwambii mtu, njoo kesho saa kumi. Sijui kwa nini. Humu niseme ukweli: sikumwonea huruma. Saa kumi huwa sina kazi, basi.

Alhamisi, 22 Agosti

Tunakaa stoo, katikati ya maboksi. Ba be bi bo bu. Kitabu cha darasa la kwanza nimekivalisha gazeti ili mtu akipita asikione. Leo "mba" imetuchukua saa nzima. Anaisema, anageuka kidogo, imepotea. Anataka kukisia. Anaona m, anasema "mama", ananitazama usoni aone kama kapatia. Nimemwambia usinitazame mimi. Jibu liko kwenye karatasi.

Shangazi Antonia kaniletea kanga za mama, zimefuliwa. Nimeziweka kabatini.

Jumamosi, 7 Septemba

Kwenye kipindi Penina kakataa kusoma, kasema koo linamkwaruza. Vijana wakalalamika. Akasoma mwenzao Yohani, vibaya, kama anayekimbizwa.

Walipoondoka tukaingia stoo. Penina kasoma sentensi nzima peke yake, kitabu ambacho Naisula hajamsomea: "Kuku wa jirani ametaga mayai mawili." Dakika tatu nzima! Jasho linamtoka, na nje upepo wa baridi. Alipofika "mawili" akaweka kiganja juu ya ukurasa, kama vile kuku atatoroka.

Nikasema vizuri. Nilisema vilevile ninavyogonga muhuri. Yeye hakuona, alikuwa anacheka na Naisula. Najua ilikuwa furaha. Niliiona, iko pale, meta moja kutoka kwangu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemwendea Bwana Vedasto. Nikasema tubadilishe, twende na Naisula. Akacheka. "Yule bubu?" Nikasema Penina hayuko tayari kwa kifungu kigeni. Akasema dada Katarina, una msiba, pumzika, haya niachie mimi. Majina yameshachapwa kwenye ratiba.

Nikamwambia Penina ajitoe, aseme anaumwa. Akasema hawezi. Shangazi yake keshapiga simu Buger. Baba yake, mzee Tluway, ameacha mbaazi shambani, anakuja kumsikiliza bintiye. Hajawahi kufika shuleni kwake hata siku moja — lakini kwa hili anakuja.

Ningeweza kumweleza Vedasto ukweli wote. Sikumweleza. Nilimwahidi mtoto, halafu pia nilikuwa nimechoka. Sijui kipi kilitangulia.

Ijumaa, 20 Septemba

Mashindano kesho. Mchana Bwana Vedasto kaenda ukumbini kupanga viti. Bahasha za vifungu, moja kwa kila klabu, ziko kwenye droo yake, maana yeye ndiye mratibu. Ya klabu yetu ina jina la Penina juu, na haijafungwa kwa gundi. Ufunguo wa akiba ninao mimi, kila siku ninao.

Nimefungua. Ni kifungu kuhusu nyuki. Aya tatu. Naisula angekisoma mara mbili, na Penina kesho angeng'ara kuliko wote. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nilishangaa.

Saa kumi nikawawekea mezani stoo. Nikasema hiki ndicho cha kesho.

Naisula akakichukua upesi. Kafungua mdomo — Penina akaziba masikio! Kwa mikono yote miwili, kama mtoto mdogo.

"Usisome! Ukisoma nitakishika."

Naisula akamwambia usiwe mjinga, baba yako atakuwepo. Penina akasema ndiyo maana. Akanigeukia. "Madam, baba anaamini najua kusoma. Siku zote anaamini. Nimechoka kumdanganya."

"Watakucheka," nikamwambia.

"Watacheka."

Nikakirudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye droo. Nilikuwa tayari kuiba, na mtoto wa kidato cha pili ndiye aliyenizuia. Nimeona haya. Angalau hiyo nimeihisi.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nyuma ya ratiba, ukumbini, kwa sababu siwezi kukaa tu. Nitainakili baadaye.

Wamesoma wanne. Wote wazuri. Mzee Tluway yuko mstari wa pili, koti la kanisani, kofia kwenye magoti. Naisula yuko pembeni yangu, kakalia mikono yake.

Wamemwita Penina. Bwana Vedasto kamtambulisha, sifa nyingiii. Kapewa bahasha. Kafungua.

Anaitazama karatasi. Watu wanadhani ni madoido yake.

"Wa... fu... ga... ji."

Mtu kacheka nyuma. Wengine wanadhani ni igizo, wanapiga makofi. Anasubiri waishe.

"Wa... nyu... ki."

Sasa wamejua. Kicheko kinapita mstari hadi mstari. Mgeni rasmi kainama kumuuliza kitu jirani yake. Bwana Vedasto kawa rangi ya majivu. Mzee Tluway kasimama. Kasimama tu, kofia mkononi, wa nyuma wanamwambia mzee kaa chini, hakai.

Penina kamwona baba yake. Nimeona alivyomwona. Kaweka kidole kwenye karatasi.

"Hu... va... a."

Mstari wa kwanza bado. Hakisii. Hanitazami. Jasho lile la stoo.

Yohani kamgeukia mmoja wa wale wanaocheka, kamwambia anyamaze.

"Ma... va... zi."

Bwana Vedasto kaja, kainama sikioni kwangu. Anasema dada Katarina, tunaaibika, nenda kamshushe mtoto. Sasa hivi! Nimesema hapana. Anasema hii ni amri. Mwandiko wangu umeanza kuyumba.

Sijainuka. Bado kasimama juu yangu. Kule mbele Penina kafika "maalumu" — neno refu — kalisimamia, karudi mwanzo wake, ma, a, lu, na mwisho mu. Kalipata.