Wosia Hautolewi kwa Amri

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Naanza kwa kukuomba radhi, jambo ambalo unajua si mazoea yangu. Barua zako zimekaa juu ya kabati zikinitazama, nami kila nilipopita nilizipa kisogo kama mwanafunzi aliyekuja darasani bila kufanya kazi aliyopewa. Sikuugua, wala sikukununia. Nilichoka tu. Mtu aliyechoka huandika barua mbaya, na mimi barua mbaya siitaki hata kutoka kwa adui.

Shikamoo zako zote nimezipokea. Marahaba yangu ni hii moja, igawe. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Nimesoma kwamba pacha mmoja ameng'oka meno ya mbele na mwenzake analia kwa sababu yake bado yapo. Mwambie asiwe na haraka. Yatang'oka, na uzeeni yatang'oka tena bila kuombwa. Kuhusu kikohozi chako, usinijibu kwa kusema "sijambo" peke yake. Nieleze kinakujia wakati gani, na kama umekwenda kwa daktari au umekwenda kwa jirani anayejifanya daktari.

Sisi hapa ni wazima wa kuchechemea. Goti langu la kulia limekuwa mtabiri wa mvua, na halijakosea hata mara moja mwaka huu. Paa la jikoni linavuja palepale. Fundi alikuja, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akaenda zake. Tumeweka ndoo.

Mama yake Chiriku bado yuko na cherehani yake ukumbini. Macho yamepungua nguvu, ulimi haujapungua. Ananiita "mwalimu mkuu" anapokasirika, na siku hizi mwalimu mkuu naitwa tangu asubuhi. Sababu yake ndiyo iliyonikalisha mezani leo, kwa hiyo soma polepole.

Unajua kwamba Chiriku anamaliza masomo ya sheria mwaka huu. Wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Wenzake walikwenda mahakamani na kwa mawakili wenye zulia sakafuni. Yeye, bila kumuuliza mtu, akaomba ofisi ya sheria ya jeshi, hapa kambini. Alitwambia jambo lenyewe tukiwa mezani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mama yake aliweka kijiko chini, akaondoka. Mimi nilibaki nikitazama uji unavyoganda.

Huna haja ya kukumbushwa sababu. Ndugu yetu, baba yake Chiriku, aliondoka kwenda jeshini na buti zilizong'arishwa, akarudi ndani ya sanduku. Hakuacha wosia wala neno lolote. Udongo wa kaburi haujakauka, watu walikuwa wamekwisha gombania nyumba yake, kila mmoja akiapa kwamba marehemu alimwambia hivi, marehemu alimwambia vile. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini wiki ile alionekana kuwa alizungumza na ukoo mzima. Mjane akatoka na Chiriku mgongoni na cherehani kichwani, akaja kwangu. Siku ile alisema kwamba hakuna mwingine wa damu yake atakayevaa buti zile, nami nikasema, "Amina." Neno hilo nililisema mbele ya watu.

Hata hivyo nilimruhusu aende. Nilijidanganya kwamba mafunzo ni miezi michache, na kwamba atachoka. Kumbe niliyechoka ni mimi.

Siku ya kwanza yenyewe alitaka kunitia aibu. Ofisi iko ng'ambo ya uwanja wa paredi, na uwanja ule haukatizwi na mtu yeyote, awe jenerali au mbuzi, sharti uuzunguke. Yeye akakatiza katikati na mafaili yake kifuani, akijiuliza kwa nini watu wote wanapiga kelele. Walipomrudisha, walimrudisha mpaka langoni akaanze upya. Alitusimulia huku akicheka. Mama yake hakucheka.

Ofisi yenyewe ni chumba kirefu chenye rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, feni moja inayozunguka kwa uvivu, na meza ambayo mguu wake umeegemezwa na kipande cha tofali. Kazi yake ilikuwa kupanga majalada ya mashtaka: huyu amelala lindoni, yule amepitiliza likizo, mwingine amempiga mwenzake kwa sufuria. Alikuwa haruhusiwi kusema chochote mbele ya mahakama ya kijeshi. Alikaa nyuma ya afisa mtetezi akimpa karatasi. Kwa mtoto tuliyempa jina la Chiriku tangu akiwa na miaka miwili, hiyo peke yake ilikuwa adhabu.

Kisha kukawa na kikosi kinachopelekwa mbali. Kabla ya kuondoka, kila askari hupita ofisini kuandika wosia wake. Mkuu wa ofisi, ambaye ni meja, alikuwa mahakamani, mwanasheria wa pili anaumwa, basi Chiriku akaachiwa kalamu ili awaandikie, na meja angekuja kuthibitisha. Sajini akawaleta vijana kwa mstari mmoja, mlango wazi, mmoja nyuma ya mwingine. Lori lilikuwa limewashwa nje.

Wa kwanza akasema, "Nyumba kwa mke wangu, baiskeli kwa mdogo wangu." Sajini akapiga mguu chini na kusema, "Safi! Hivyo hivyo, haraka!"

Wa pili akaja: nyumba kwa mke, baiskeli kwa mdogo wake. Wa tatu vilevile. Chiriku aliandika akifikiri jeshi hili limejaa wapanda baiskeli. Akaja mmoja mwembamba, bado ana chunusi, naye akatamka yaleyale huku akitazama ukutani.

"Una mke?" Chiriku akamuuliza.

"Sina, afande."

"Baiskeli je?"

"Sina, afande."

"Na huyo mdogo wako?"

"Mimi ndiye kitinda mimba, afande."

"Sasa mbona umesema hivyo?"

"Si ndiyo amri, afande?"

Mdogo wangu, nimefundisha miaka mingi, nimeona darasa zima likinakili jibu lisilo sahihi kutoka kwa mtoto mmoja, lakini sijapata kuona watu wazima wakinakili kifo chao. Chiriku aliweka kalamu chini. Akachana karatasi zote alizokwisha andika. Akamwambia sajini kwamba kila askari ataingia peke yake, mlango utafungwa, na sajini atasubiri nje.

"Binti, lori linaondoka saa nane," sajini akasema.

"Basi litaondoka saa ile nitakayomaliza."

"Nani amekupa cheo hicho?"

"Sina cheo, afande. Lakini wosia hautolewi kwa amri. Huu ukipingwa, mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa wewe."

Sajini akatoka. Lori likazimwa. Vijana wakaingia mmoja mmoja. Anasema wengine walimwomba arudie swali, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuwauliza wana nini na wangependa kiende kwa nani. Mmoja alijadiliana na nafsi yake juu ya redio kama vile ni shamba. Kikosi kiliondoka jioni, na kamanda wake alikuwa amevimba kwa hasira.

Kesho yake Chiriku aliitwa kwa meja. Alivaa vizuri ili afukuzwe akiwa nadhifu. Badala yake, akaambiwa kwamba akimaliza masomo, meja yuko tayari kumpendekeza kwa mafunzo ya uafisa, awe mwanasheria wa jeshi. Jibu linatakiwa kabla mafunzo yake hayajaisha, yaani mwisho wa mwezi huu.

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mama yake alisema, "Akivaa buti, asipite mlango huu." Chiriku akajibu kwamba yeye ni mtu mzima na saini yetu haihitajiki, kisha, kabla sijafungua kinywa kumkemea, akasema hataweka yake mpaka mimi nimpe neno langu, na wewe shangazi yake umpe lako. Amekaa hivyo mpaka sasa. Anakwenda kambini, anarudi, anaosha vyombo, anasubiri. Kelele zake nilizizoea. Huu ukimya wake ndio unaonimaliza.

Wiki iliyopita nilivaa koti langu, nikaenda mwenyewe. Sajini yuleyule alinipokea langoni, mtu mnene mwenye masharubu yaliyokatwa kwa rula. Tuliuzunguka uwanja ule wote juani, goti langu likilia, naye akipunguza hatua ili tulingane.

"Mzee, binti yako alinichelewesha lori."

"Nimesikia."

"Lori la jeshi halicheleweshwi."

"Hilo nalo nimesikia."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilikuwa wa mwisho kuingia, ingawa sikuwa na safari. Nilifunga mlango mwenyewe." Alinifuta vumbi begani kwa mkono wake kabla ya kunifungulia mlango wa meja.

Meja ni mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimuuliza swali moja tu: je, wanasheria hupelekwa vitani? Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, maana uongo ungenipa nafasi ya kukasirika na kurudi nyumbani nimemaliza kazi.

Akasema, "Mzee wangu, wanapelekwa. Nikikwambia vinginevyo nitakuwa nimekudanganya. Mimi mwenyewe nimekwenda mara mbili."

Nilimshukuru, nikauzunguka uwanja tena.

Sasa nikueleze ya juzi, kwa sababu bila hayo ningekuwa bado natazama barua zako juu ya kabati. Mama yake alikuwa hajasikia kisa cha baiskeli. Hakutaka kusikia lolote la kambini. Juzi mvua ilitufungia ukumbini wote watatu, cherehani imesimama kwa kuwa umeme umekatika, na mimi nikakisimulia. Nilikisimulia kwa sauti ya sajini. Alijizuia mpaka nilipofika kwa yule kitinda mimba, ndipo akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Nilikuwa nimeisahau sauti ile.

Kisha akageuka kwa binti yake, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baada ya siku nyingi.

"Huyo asiye na mke, mwishowe alimwandika nani?"

"Siwezi kusema, mama."

"Mimi namjua? Nitamwambia nani, cherehani?"

"Hata cherehani haipaswi kujua. Ni siri yake."

"Hata mimi mama yako?"

"Hata wewe mama."

Nilitazama chini nikisubiri kuitwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyeitwa. Maji yalidondoka katika ndoo jikoni. Mama yake alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena kwa kufuata mikunjo ileile.

Akasema, "Si kitu. Angalau yupo anayejua."

Hajasema lingine. Hajasema ndiyo, wala hajarudia la. Lakini jana asubuhi Chiriku alipokuwa anatoka, mama yake alimwambia azunguke uwanja vizuri, asije akarudishwa langoni. Mimi nimekwisha geuza sentensi hiyo kila upande na siwezi kukwambia ina maana gani zaidi ya ilivyo.

Ninachohitaji kutoka kwako si ushauri mrefu. Wewe na mimi tu ndio tuliobaki wa tumbo la mama yetu, na "Amina" yangu ulikuwepo ukiisikia. Niambie kama bado inanifunga. Mimi nikijiuliza peke yangu najijibu vibaya: nikimkubalia naogopa sanduku, nikimkatalia namwona yule kijana mwenye chunusi anayetazama ukuta, na mstari mrefu nyuma yake, na hakuna wa kuweka kalamu chini. Nimechoka kuogopa. Lakini uchovu si sababu ya kumruhusu mtoto, na sitaki kesho niseme kwamba nilimruhusu kwa sababu ya goti.

Chiriku mwenyewe ananifanyia mazoezi. Juzi baada ya chakula aliniuliza, "Baba Mkubwa, wewe una nini, na ungependa kiende kwa nani?" Nikamwambia nina kiti, redio na ukali. Akasema kiti na redio atavipokea.

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio aliyoniletea bado inasema, ingawa kwa kukwaruza. Wabusu mapacha, mwenye meno na asiye nayo. Msalimie pia mama mkwe wako, na umwambie sijamsahau. Mama yake Chiriku anakusalimu, anauliza kama ule mkono wa gauni ulikutosha. Chiriku hasalimu, anasema atakuandikia mwenyewe, nami nimemwambia aandike kwa aya fupi.

Mungu akufunike pale ambapo mikono yetu haifiki, na akuondolee kikohozi hicho. Nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja. Siku tutakayofikia uamuzi, uwe wowote, nitakuandikia siku hiyohiyo kabla sijavua koti. Safari hii sitachelewa.

Wako akupendaye, ingawa hasemi mara kwa mara,
Kaka yako.